Usiku wa Sakitu

Nilimfuata Enesia dukani kwa Zabroni
saa tatu usiku, fimbo mkononi,
maana mtoto aliyetumwa kiberiti
hakai huko mpaka ugali ukaota ganda.

Nikawakuta wamejipanga juu ya magunia,
wanaume na makoti yao, macho kwenye runinga,
wanangoja mpira, na mpira haujaanza.
Rimoti imeisha betri. Zabroni anaficha aibu:
"Tulieni, na hili nalo ni shindano."

Wasichana. Wa mataifa, chini ya miaka kumi na minane,
wamevimba nguo kama viazi vya lumbesa,
visu chini ya viatu, magongo mikononi,
wanakimbizana juu ya barafu.
"Gongo tunalolijua sisi si hilo," akasema Tweve,
wakacheka wote.
Enesia hakucheka.

Mimi barafu naijua.
Naijua inavyoshuka Matamba mwezi wa saba, haipigi hodi,
inalala na viazi vyangu usiku mmoja tu,
asubuhi majani meusi kama yamemwagiwa maji ya moto.
Imeshakula ada ya muhula mzima,
ikateremshia na mbolea ya mkopo.
Sikujua kuna watu wanaitengeneza kwa makusudi,
wanaipiga deki, wanailinda isiyeyuke,
halafu wanawaachia mabinti zao
wapite juu yake kama mbayuwayu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni.
Nikakaa.

Yule mlinda lango wa jezi nyeupe
kafunikwa uso kwa chuma, utadhani mrina asali.
Kidude cheusi, hakizidi kopo la kiwi,
kinamjia kama jiwe la manati,
na yeye anadaka, anapiga magoti, anainuka,
anadaka.
Mara ya nne kikapita.
Wale wa jezi nyekundu wakarundikana wakikumbatiana.

Akavua chuma.
Uso wa mtoto. Chunusi. Nywele zimegandia kwenye paji.
Akashusha pumzi, na pumzi ikatoka nyeupe,
moshi ule ule
tunaoutoa sisi tukienda kisimani alfajiri.
"Mama," Enesia akaninong'oneza, "anahema kama sisi."

Fimbo nilikuwa nimeikalia.

Mpira wa wanaume ulipoanza, tukatoka.
Anga ilikuwa imefagiliwa, nyota kali, upepo hakuna,
na mwenye shamba akiiona anga ya hivyo
halali. Nikawasha majani mabichi kandokando,
moshi uvifunike viazi hata kidogo.
Haukutosha.

Asubuhi, matuta kumi na moja ya bondeni yameungua.
Nikayahesabu. Nikayahesabu tena,
labda nimekosea.
Ndipo nikasikia kishindo nyuma yangu,
mtu kaanguka, mtu anacheka peke yake.

Enesia. Kakata dumu la mafuta vipande viwili
(dumu langu, zima, la lita ishirini)
kavifunga kwa mpira wa baiskeli chini ya mabuti,
anateleza kwenye nyasi zilizoganda karibu na josho,
fimbo yangu ya jana kaishika kwa kichwa chini,
anasukuma kisigino cha kandambili iliyokufa zamani.
Mgongo wote mweupe kwa sakitu.

"Mama, sina wa kulinda lango."

Ningemwambia habari za ada.
Ningemwambia dumu linauzwa shilingi ngapi.
Mdomo niliufungua kabisa, ukatoka moshi tu.

Nilikuwa na gunia tupu, nililokuja nalo
kutafutia kama kuna chochote cha kuokoa.
Nikalishika kwa mikono miwili mbele ya magoti,
nikatanua miguu kati ya matuta mawili meusi.
"Piga basi," nikasema,
"kabla jua halijaiondoa."